Mezani kwa Watawa wa Andechs

Treni ya S8 kutoka Munich inaishia Herrsching, ukingoni mwa ziwa Ammersee. Hapo hushuka watu wa aina tatu: wanaokwenda kuogelea, wanaokwenda kuhiji, na wanaokwenda kula na kunywa mlimani Andechs, kwa watawa. Jumapili ile ya Juni ilikuwa vigumu kuwatenganisha, maana wengi walionekana kuwa na haja zote tatu.

Mimi nilikuwa na haja ya pili na ya tatu. Binti wa kaka yangu anasomea uuguzi Augsburg, na ndiye aliyenikatia tiketi ya ndege kwa fedha alizodunduliza kwenye posho yake ya mafunzo. Ilikuwa safari yangu ya kwanza kutoka nje ya Tanzania. Nilimwambia mapema kwamba sitaki kupelekwa kwenye majumba ya wafalme wala viwanja vya mpira. Nilitaka kuona mahali walikotoka wale watawa waliojenga misheni ya Peramiho, kisha nione mahali ambapo watawa wanatengeneza bia na familia nzima, bibi hadi vitukuu, inakwenda kula hapo hapo. Haja hiyo ya kuhiji kila mtu wa kwetu Mbinga, mkoani Ruvuma, anaielewa. Ya meza ya bia ni yangu mwenyewe, na chanzo chake ni mama yangu mzazi, aliyetusomesha kwa kupika pombe.

Tulifuatana na mama mwenye nyumba anakopanga mpwa wangu, mume wake, wajukuu wao wawili, na mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi aliyevuka miaka themanini. Yule bibi na mkwewe walipanda basi. Sisi wengine tulisimama kwanza gatini kutazama ziwa.

Ammersee ni ziwa dogo, kilomita za mraba 47 tu, na ng'ambo yake unaiona wazi, nyumba kwa nyumba. Ziwa letu Nyasa lina kilomita za mraba zaidi ya 29,000 na kina cha mita 700, na mtu wa Mbamba Bay akisema ng'ambo anazungumzia nchi nyingine. Hata hivyo nilikaa pale muda mrefu. Zilikuwepo meli nyeupe zenye magurudumu makubwa ubavuni, watoto wamejaa sitahani wakipunga mikono, nami nikakumbuka kisa ambacho wazee wa Liuli bado wanakisimulia. Wakati wa Wajerumani Liuli iliitwa Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen alifika pale na kuipiga mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades. Walizoea kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Alipanda mtumbwi kwa hasira akamwendea mwenzake, akidhani pombe ndiyo iliyompanda kichwani, na akachukuliwa mateka. Vita vya majini vya kwanza katika ziwa letu vilianza hivyo, kati ya watu wawili waliokuwa wakishiriki chupa moja. Nilimsimulia mama mwenye nyumba, mpwa wangu akitafsiri. Alisema shuleni hawakuwahi kufundishwa lolote kuhusu Ziwa Nyasa.

Upande wa magharibi wa Ammersee, mwendo mfupi kutoka ziwani, ndipo ilipo abasia ya St. Ottilien, na huko tulikuwa tumekwisha kufika siku chache kabla. Shirika lake lilianzishwa mwaka 1884 na Padre Andreas Amrhein, likahamia mahali hapo mwaka 1887. Kutoka hapo walitumwa waliofika Peramiho mwaka 1898 wakiongozwa na Padre Cassian Spiss, na Kigonsera mwaka uliofuata. Niliyaona makaburi ya watawa waliofia ugenini, nikaingia katika makumbusho yao, ambamo ngao, vyungu na wanyama waliokaushwa kutoka Afrika Mashariki vimepangwa nyuma ya vioo. Sikuweza kutembea humo kwa moyo mwepesi. Wamatengo wa kwetu Mbinga walipigana na jeshi la Wajerumani huko Litembo mwaka 1902. Askofu Spiss aliuawa Agosti 1905, mwanzoni mwa vita vya Maji Maji, na tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu 67 Songea, machifu wa Wangoni wakiwa miongoni mwao. Watoto na wajukuu wa walionyongwa walitibiwa Peramiho, wakasoma kwenye vitabu vilivyochapwa Peramiho, wakafundishwa useremala na uashi Peramiho. Yote mawili ni kweli, na mtu wa Ruvuma anayabeba yote mawili anapoingia nyumba ya watawa wa Ujerumani. Niliwasha mshumaa kwa ajili ya pande zote.

Njia ya kupanda Andechs inapita bonde linaloitwa Kiental. Miti ni mirefu, kijito kinashuka pembeni, na kwa mtu aliyezoea kupanda kutoka bondeni hadi shamba letu la ngoro, la mashimo, lenye mteremko mkali, haichoshi. Wale watoto walikimbia mbele, wakarudi, wakakimbia tena. Njiani nilihesabu rozari. Watu wamekuwa wakiupanda mlima huu tangu Zama za Kati kuja kuheshimu masalia matakatifu, na Wajerumani wenyewe wanauita Mlima Mtakatifu. Mwaka 1455 Mtawala Albrecht III wa Bavaria aliwakabidhi Wabenediktini mahali hapo. Mahujaji walikuwa wakifika wamechoka na wana kiu, na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe. Bia ya Andechs ilitokana na wajibu huo: mgeni amefika, lazima apewe chakula na kinywaji.

Kanisani tulisali. Kuta na dari zimepambwa kwa dhahabu na picha za karne ya 18 za Johann Baptist Zimmermann, na mtunzi wa muziki Carl Orff amezikwa humo. Sitasema mengi juu ya kanisa, kwa sababu wanaoliandika ni wengi. Nataka kueleza chumba cha pili, ukumbi wa kulia na kunywea.

Kutoka kanisani hadi ukumbini ni hatua chache tu. Hakuna uzio, hakuna kichochoro, hakuna mlango wa nyuma. Waumini waliotoka misani waliingia moja kwa moja na nguo zao za Jumapili. Ukumbi una meza ndefu za mbao na mabenchi, na nje kuna baraza na bustani yenye meza nyingine nyingi, kutoka hapo unaona mashamba na misitu hadi mbali. Hakuna mhudumu wa kukujia. Unapanga foleni dirisha moja kuchukua bia na dirisha jingine kuchukua chakula. Nyama inapimwa kwenye mizani mbele yako. Ni mguu wa nguruwe uliookwa hadi ngozi ikakauka na kupasuka kwa sauti ukiigusa kwa kisu. Sisi wa Mbinga nguruwe tunamjua. Kitimoto cha kwetu hakihitaji kutetewa na mtu yeyote. Lakini kuoka kipande kizima, polepole, bila kukikatakata, ni ufundi ambao ningependa wachomaji wetu wauone. Tulichukua pia kabichi iliyochachushwa, saladi ya viazi, na mikate ile iliyosokotwa kama kamba, yenye chembe za chumvi juu.

Bibi alikuwa amefika kabla yetu na kushika meza chini ya mti. Alitandika kitambaa, akatoa kikapuni mkate, jibini na figili alizochuma kwake asubuhi. Nilishangaa. Kwetu mtu akiingia mkahawani na chakula chake atafukuzwa. Mama mwenye nyumba akanieleza kwamba huko Bavaria hiyo ni haki ya tangu zamani. Mwaka 1812 Mfalme Maximilian wa Kwanza Joseph aliwaruhusu wenye viwanda vya bia wa Munich kuuza bia kwenye bustani zilizo juu ya maghala yao, ila akawakataza kuuza chakula zaidi ya mkate, ili wasiwaue wenye migahawa. Basi watu wakawa wanakuja na chakula chao. Katazo lilikwisha, desturi ikabaki. Kwa hiyo familia isiyo na fedha nyingi inaweza kukaa meza moja na tajiri, ikanunua kinywaji tu, na hakuna anayeitazama vibaya. Nimeifikiria sana desturi hiyo. Umaskini hauondolewi na meza ya bustanini, lakini hapo mtoto wa maskini haoni kwamba ametengwa.

Wale watoto walikunywa maji ya tofaa yaliyochanganywa na maji ya gesi, wakala viazi, wakaondoka kwenda kucheza na watoto wa meza nyingine. Kila baada ya muda mmoja alirudi, akameza kipande cha nyama kutoka sahani ya babu yake, akaenda tena. Mama aliyekuwa akinyonyesha alikaa meza ya jirani. Wazee wawili walicheza karata. Padre mwenye kanzu nyeusi alipita akisalimia. Watu walikuwa wakinywa, na wengine kikombe chao kilikuwa cha lita nzima, lakini mbele yao walikuwapo mama zao, watoto wao na paroko wao. Mtu hutukana kwa shida mbele ya mama mkwe. Niliona kwa macho yangu kwamba familia yenyewe ndiyo inayolinda ukumbi ule.

Mimi niliomba bia nyeusi yao inayoitwa Doppelbock, nusu lita, tukagawana na mpwa wangu. Ni kali, ina kilevi cha asilimia 7.1, na mtu akiinywa kwa kiu atajuta. Kabla ya kuonja niliinusa, na hapo machozi yalinitoka. Ilinukia ukoko wa uji. Mpwa wangu akauliza, "Shangazi, kuna nini?" Nikamwambia hiyo ni harufu ya jikoni kwa bibi yake, usiku wa kuamkia siku ya kuuza.

Hapa lazima nimweleze mama. Kahawa ya baba ilitoa fedha mara moja kwa mwaka, na miaka mingine malipo yalichelewa hadi ada ya shule ikawa imepita. Pombe ya mama ilitoa fedha kila wiki. Ulezi aliuloweka, akautandaza juu ya magunia, akaufunika mpaka ukaota, akauanika juani, akausaga: hicho ndicho kimea. Mahindi aliyapika uji mzito kwenye pipa, akauacha upoe hadi kidole kivumilie, akachanganya kimea, akangoja. Sehemu aliyoitenga mapema, ikiwa bado tamu, ilikuwa togwa yetu watoto na ya majirani. Iliyobaki ikaendelea kuchacha mpaka ikawa komoni. Machicha yalikwenda kwa nguruwe. Alfajiri pipa lilibebwa hadi kilabuni, akalipia ushuru, akauza kwa lita. Wadogo zangu na mimi, na baba wa binti huyu niliyekaa naye Andechs, tulivaa sare zilizonunuliwa na pipa hilo. Mwalimu mkuu aliyenikaripia kwa kuwa mtoto wa muuza pombe alipokea ada yangu bila kuuliza imetoka wapi.

Mama hakutaka tukanyage kilabuni, na alikuwa na haki. Kilabu kilikuwa banda lenye sakafu ya udongo, bila maji, bila choo cha maana, bila chakula zaidi ya nyama iliyouzwa nje gizani. Wanaume walikunywa kabla ya kula. Jioni ilipoingia, wanawake waliokuwa wakiuza waliogopa kurudi nyumbani peke yao. Ugomvi niliousikia kutoka pale nikiwa kitandani sitausahau. Kwa hiyo sisemi kwamba pombe ni kitu chema popote inapokaa. Nasema kwamba mapishi ya mama yalikuwa safi, na mahali alipolazimika kuyauza palikuwa pachafu, na lawama yote alibebeshwa yeye.

Baada ya chakula mume wa mama mwenye nyumba, aliyewahi kufanya kazi ya ufundi bomba katika viwanda vya vinywaji, alinieleza jinsi bia inavyotengenezwa, akionyesha majengo ya kiwanda yaliyo chini ya mlima. Shayiri inalowekwa, inaoteshwa, inakaushwa kwa joto. Ikikaushwa kwa joto kali zaidi, bia inakuwa nyeusi na kupata ile harufu iliyoniliza. Inasagwa, inachanganywa na maji ya moto, utamu unatoka kwenye nafaka, unachujwa, unachemshwa pamoja na maua ya mmea uitwao hopsi, unapozwa, unatiwa hamira. Nilimkatisha mara kadhaa kumweleza hatua inayofuata kabla hajaisema. Alifurahi sana, akamwambia mkewe kwamba wamekuja na mtu wa kazi.

Mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitoa sheria mjini Ingolstadt kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji peke yake. Hamira haikutajwa, na wakati ule hakuna aliyejua hasa jinsi inavyofanya kazi. Kitabu cha Louis Pasteur kuhusu bia na kazi ya hamira kilitoka baadaye sana, mwaka 1876. Mama naye hakuwahi kununua hamira. Alikuwa na pipa na mwiko ambao hakuuosha kwa sabuni kamwe, na katika mbao za mwiko huo hamira ilikaa salama kutoka pishi hadi pishi. Aliujua ufundi huo kwa mikono, kama walivyoujua wapika bia wa Ingolstadt.

Lakini iko tofauti moja kubwa, na ndiyo iliyonifanya nifikirie mengine yote. Hopsi na baridi vinaifanya bia ya Andechs idumu. Inakaa wiki nyingi kwenye matangi ya baridi ikikomaa, kisha inatiwa chupani na kusafirishwa mbali. Wanatengeneza zaidi ya lita milioni 10 kwa mwaka. Komoni haina hopsi. Leo ni tamu, kesho imekolea, keshokutwa ni siki. Haiwezi kupanda lori kwenda Songea, sembuse Dar es Salaam. Bia ya Andechs ingeweza kuuzwa bila ule ukumbi. Komoni haiwezi, lazima inywewe pale pale ilipopikwa, siku ile ile. Sisi ndio tunaohitaji ukumbi mzuri kando ya jiko kuliko wao.

Niliuliza fedha zinakwenda wapi. Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilinyang'anya monasteri mali zao, Andechs ikiwemo. Mwaka 1850 Mfalme Ludwig wa Kwanza aliikabidhi kwa abasia mpya ya Mtakatifu Bonifas mjini Munich ili shamba na kiwanda viwalishe watawa wa mjini. Hadi leo ni nyumba moja. Abasia hiyo inawahudumia watu wasio na makazi Munich: chakula, mavazi, matibabu. Watawa wenyewe wamebaki wachache, na kazi nyingi zinafanywa na waajiriwa. Mapato ya kiwanda na ya meza zile ni sehemu ya kinachoendesha huduma hiyo. Niliposikia hivyo nilirudi dirishani nikanunua mkate mwingine wa kusokotwa, nikala nikiwa nimeshiba.

Jambo moja sikulikubali, na nililisema mezani. Ujerumani kijana wa miaka 16 anaruhusiwa kununua bia, na wa miaka 14 anaruhusiwa kuinywa akiwa na mzazi. Kwetu sheria inasema miaka 18, na mimi niliyefundisha shule ya msingi maisha yangu yote nasema 18 ibaki hivyo. Bibi aliniunga mkono. Alisema, mpwa wangu akitafsiri, kwamba kaka yake alianza na kikombe cha baba akiwa mdogo na hakuacha hadi pombe ikamuua. Tulishikana mikono juu ya meza. Ukumbi wa familia una maana ikiwa mtoto anapata cha kwake, naye anaona watu wazima wakiacha kunywa na kuondoka wakitembea wima. Wajerumani wanacho kinywaji cha watoto kinachotokana na kimea bila kilevi, kinauzwa madukani. Mpwa wangu alininunulia chupa Augsburg. Ni kitamu, lakini togwa ya ulezi ina lishe na uzito ambao ile chupa haina.

Mimi pia sikwenda mikono mitupu. Nilimpelekea mama mwenye nyumba kilo mbili za kahawa ya Mbinga, iliyokaangwa na kusagwa kwetu. Siku tuliyorudi kutoka mlimani aliipika, familia ikakaa tena mezani, na kila mmoja akauliza kwa nini haipatikani kwenye duka lao. Nikawaeleza kwamba inapatikana, ila bila jina. Tunavuna, tunamenya, tunakausha, tunaipeleka kiwandani ikakobolewe, inaondoka ikiwa mbichi, na huko inachanganywa na kahawa za nchi nyingine. Wakulima wengi wa Umatengo wanaopalilia mibuni tangu utoto hunywa chai. Wenzetu wa Andechs wanaimaliza kazi yao nyumbani, wanaanza na nafaka na kuishia na sahani mbele ya mgeni, na jina la mlima wao limeandikwa kwenye kila chupa.

Niliporudi Mbinga ilikuwa Julai, baridi ya kahawa. Baada ya kuwasalimia ndugu nilishuka na dada yangu hadi Mbamba Bay, njia ambayo sikuwa nimeipita tangu iwekwe lami. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kuomba Mungu, hasa masika. Sasa ni kilomita zipatazo 66 za kuteremka kati ya milima, na kabla hujafika chini ziwa linajitandaza mbele yako hadi macho yanaishia. Wageni wameanza kuja. Niliwaona pale ufukoni, familia kutoka Songea na Njombe, wakiuliza wapi watapata samaki wa kuchoma, mbasa au magege, wapi watoto wataoshea mikono, wapi pa kukaa. Walionyeshwa baa zenye muziki wa kupasua masikio na kreti za bia zilizokuja kwa lori kutoka nje ya mkoa. Wakinamama wapika komoni walikuwa nyuma, mbali na barabara, kwenye banda lisilo na maji, wakati ziwa zima liko mbele yao.

Naziomba halmashauri za Mbinga na Nyasa, na vikundi vya wakinamama wa parokia na vya vijiji, walitazame jambo hili. Wakinamama wale wanalipa ushuru. Warudishiwe sehemu yake kwa bomba la maji, sakafu ya saruji, vyoo, taa, na jiko lililo wazi ambapo mgeni anaona kinachopikwa. Chakula kiuzwe hapo hapo, usipa, magege, kitimoto, ugali, na mwenye chakula chake aruhusiwe kukaa. Togwa iwe ya kwanza kwenye orodha, kahawa ya Umatengo iwe ya pili, komoni iuzwe kwa mtu mzima aliyeketi na kula, na ukumbi ufungwe mapema jioni ili wauzaji warudi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Kiwanja kipo na ufundi upo. Wanaoujua vizuri kuliko wote ni wanawake waliovuka miaka sitini, na wale niliowakuta Mbamba Bay wamesema wako tayari kuwafundisha mabinti zao mwaka huu.